Nani Aliwaambia Wao Ni Panzi?

Nimepotea miezi kadhaa na wengine wenu mmeniuliza niko wapi. Niko. Sina simu ya maana, ndiyo maana. Hii naandika kwa simu ya binamu yangu na ameshaanza kuniangalia vibaya.

Stori inaanza Oktoba. Chuo kilinitumia ujumbe: nina deni la karo la shilingi 68,400, na bila kulipa sifanyi mtihani wa mwisho wa muhula. Wiki tano zilikuwa zimebaki. Mathe anauza mboga Githurai. Siku nzuri, akitoa gharama zote, anabaki na kama 600, na hapo kuna kodi, kuna unga, kuna wadogo zangu wawili. Nilipiga hesabu mara moja tu nikaachana nayo.

Nikajifungia kwa keja. Niliacha kwenda darasani, maana unasomea nini mtihani ambao hutaufanya? Niliacha kushika simu za mathe, nikijiambia ati sitaki kumpa presha. Kuomba niliomba, tena hadi usiku. Lakini ombi lilikuwa moja tu: Mungu, ondoa hili deni. Simu ikilia naruka, nadhani ni M-Pesa ya muujiza. Kumbe ni watu wa kamari wananiambia leo ni siku yangu.

Jumapili moja nilienda kwa ibada ya vijana kwa sababu kulikuwa na pilau baadaye, siwadanganyi. Aliyefaa kusoma alichelewa, nikapewa mimi Biblia nisome Hesabu sura ya 13. Hiyo stori nimeisikia tangu Sunday school. Musa anatuma wanaume 12 kwenda kuipeleleza Kanaani. Wanazunguka siku 40, wanarudi na kichala cha zabibu kikubwa hadi kinabebwa na watu wawili kwa mti. Halafu 10 kati yao wanasema nchi ni tamu lakini haiwezekani: miji ina kuta, watu ni majitu, na sisi tulijiona kama panzi mbele yao. Wanaongeza kwamba hata hao majitu waliwaona hivyo.

Nilisoma hapo nikanyamaza katikati. Mwenzangu akanigonga kiwiko, akidhani nimepoteza mstari.

Si hawa walikuwa wapelelezi? Mpelelezi anajificha. Hakuna mahali imeandikwa walimuuliza jitu hata moja, samahani mzee, wewe unatuonaje? Walijiona panzi, halafu wakaweka hayo maneno kwa midomo ya watu ambao hawakuongea nao.

Nikaenda kusoma zaidi nyumbani, na hapa ndipo niliona aibu. Kwa kitabu cha Yoshua, miaka mingi baadaye, wapelelezi wengine wawili wanafika Yeriko, na Rahabu anawaambia watu wa nchi ile walikuwa wameyeyuka kwa hofu tangu waliposikia habari ya Bahari ya Shamu. Yaani muda wote huo, waliokuwa wanatetemeka ni hao wa ndani ya kuta!

Sasa, kuna kitu sitaki mnielewe vibaya. Wale 10 hawakudanganya kuhusu majitu. Kalebu na Yoshua pia waliyaona, na hawakusema hayapo. Mimi huchoshwa na watu wanaokuambia ukiwa na imani shida haipo. Shida iko. 68,400 ilikuwa 68,400 kabla ya maombi na baada ya maombi. Mimi nilichokosea ni vipimo: nilijipima na deni, halafu nikampima Mungu na deni hilo hilo.

Jumatatu nilienda ofisi ya fedha ya chuo. Mwezi mzima nilikuwa nimeiogopa, na kwa kichwa changu yule mama wa dirishani alikuwa ameshanikatalia mara mia. Nilikuta foleni ndefu. Mbele yangu alikuwa jamaa wa darasa letu, yule wa viatu vikali, na yeye ana deni kunishinda. Mama wa dirishani hata hakuniangalia sana. Akaniambia nilipe nusu, niandike barua ya jinsi nitakavyomaliza, nitafanya mtihani. Basi. Dakika nne.

Nusu ni 34,200, ambazo pia sikuwa nazo. Ilibidi nimpigie mathe, na hilo ndilo lilikuwa jitu lenyewe. Nilimwambia kila kitu. Akanyamaza, halafu akasema, "Nilijua kuna kitu. Mtoto hawezi kukosa kushika simu yangu wiki tatu na awe sawa. Kilichoniuma ni kwamba ulinificha, si hiyo pesa." Akakopa 15,000 kwa chama. Mimi nikauza simu yangu, ile ya kurekodia video zote mnazozijua, 11,000. Jumla 26,000.

Hatukufika. Siku ya mwisho ilipita tukiwa tumepungukiwa na 8,200. Nilingoja muujiza hadi saa kumi na moja jioni, ofisi ikafungwa. Nililia kwa matatu bila kujificha, hadi makanga akakataa kunichukua nauli.

Tulilipa zile 26,000 hata hivyo, nikajaza fomu ya kuahirisha muhula. Marafiki zangu wamefanya mtihani, mimi nauza smokie pasua na mayai ya kuchemsha kando ya kibanda cha mathe. Kuna siku inauma, hasa wanachuo wenzangu wakipita wakijifanya hawajaniona. Bado naomba, lakini nimeacha kuruka simu ikilia. Siku hizi naomba nguvu ya kesho na ujasiri wa kuuliza kabla sijajijibu. Kalebu alingoja hadi akawa na miaka 85, na alipopewa nafasi ya kuomba ardhi, aliomba ile milima ya Hebroni, penye majitu yenyewe. Huyo mzee alikuwa noma.

Deni limebaki 35,400. Barua nimeshaandika, naipeleka wiki ijayo. Binamu anataka simu yake, na mathe amesema kesho tuamke saa kumi alfajiri tuwahi Marikiti kabla sukuma haijapanda bei.