Kuchaji Betri ya Pili Kutoka kwa Gari, Njia ya Garissa

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuzungumzie kitu kinachozifanya programu ziwake: stima. Mimi hutengeneza mfumo wa simu wa kukusanya data za mifugo na kaya, na mfumo wenyewe hutumika mahali ambapo nguzo za stima zilishakwisha nyuma. Ukitoka Garissa mjini kuelekea Modogashe na Habaswein, au ukishika upande wa Hulugho karibu na mpaka wa Somalia, unalala kwenye hema na stima yako ni ile uliyobeba.

Kaunti ya Garissa ina mtambo mkubwa wa sola wa megawati 54.6, uliozinduliwa Desemba 2019. Umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa. Lakini gridi haihami, na mfugaji anahama. Akifuata mvua ya Gu leo na ya Deyr kesho, hakuna waya utakaomfuata, wala sisi tunaokwenda kumhoji.

Huko Marekani na Australia watu huvuta trela za kulala zenye betri yake, na betri hiyo huchajiwa na gari linalovuta. Kwetu badala ya trela ni Land Cruiser lenye betri ya pili nyuma, katikati ya mitungi ya maji na mahema. Fizikia ni ile ile.

Kwanza, betri ya kuwasha gari haiguswi. Dereva wetu ni mzee wa Garissa, na hapo hana mchezo.

"Adeer, tuchaji simu mbili tu usiku huu?"

"Kijana, hiyo ni ya kuwasha gari. Ikiisha, utalisukuma wewe mchangani?"

Ana haki. Betri ya asidi iliyojaa husoma karibu volti 12.7 ikiwa imepumzika, ikifika 12.2 imebaki kama nusu. Stata inahitaji mamia ya ampia kwa mpigo, na betri iliyochoka haiwezi kuzitoa. Nairobi utaita fundi. Huku mtandao wa simu haushiki kila mahali, watu wengi huepuka kusafiri usiku, na wakati wa Jilaal, kati ya Januari na Machi, maji mliyobeba yanahesabiwa kwa siku. Gari lisilowaka hapo ni hatari ya maisha.

Pili, waya. Gereji moja ilitufungia betri ya nyuma kwa waya wa milimita mraba 2.5. Tulikuwa tukiendesha gari mchana kutwa na jioni betri haijajaa. Nilichukua multimita: mbele volti 14.2, nyuma 13.1. Volti nzima imepotelea njiani! Hesabu yake ni rahisi. Kwenda na kurudi ni mita 8 za shaba. Waya huo una ukinzani wa karibu omu 0.056, ukipitisha ampia 20 unapoteza volti 1.1. Betri haiwezi kujaa vizuri kwa volti 13.1. Tulipoweka waya wa milimita mraba 16, upotevu ukashuka hadi chini ya volti 0.2. Na usisahau fyuzi pande zote mbili, karibu na kila betri, kwa sababu kila moja inaweza kuuchoma waya ukigusa bodi ya gari.

Tatu, kitenganishi. Betri mbili zikiunganishwa moja kwa moja, usiku zitaisha pamoja. Rilei ya volti huziunganisha alteneta inapofanya kazi na kuzitenga injini ikizimwa. Kwa Land Cruiser la zamani na betri za asidi inatosha. Lakini magari mapya mengi hushusha volti za alteneta ili kuokoa mafuta, na betri za lithiamu hufyonza ampia nyingi mno hadi alteneta ichemke. Hapo nunua chaja inayokaa kati ya betri mbili, ile inayopandisha volti na kuweka kikomo cha ampia, tuseme 30.

Nne, usiwashe injini kambini ili kuchaji. Tuseme gari likisimama linakunywa lita moja ya dizeli kwa saa. Lita hiyo ina nishati ya karibu kilowati-saa 10. Ampia 30 kwa saa moja ni kama kilowati-saa 0.4 tu. Asilimia 96 imekwenda kwa joto, moshi na kelele, na dizeli hiyo mtaihitaji kurudi mjini.

Tano, joto. Betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, na Garissa nyuzi 35 ni jambo la kawaida. Iweke mbali na injini, kivulini, penye hewa. Isitoshe, asilimia 20 ya mwisho huchukua saa nyingi kujaa hata kwa waya mzuri. Kwa hiyo gari lifanye kazi nzito mnapokuwa barabarani, na paneli ya sola imalizie polepole mkiwa kambini. Jua la huku halina ubahili.

Sasa turudi kwenye fani yangu. Simu 8 kwa wati-saa 15, laptopu kwa 200, taa kwa 40: jumla wati-saa 360, yaani ampia-saa 30 kwa siku. Betri ya ampia-saa 100, ukitumia nusu tu ili isife mapema, haifiki siku mbili bila kuchajiwa. Njia ya bei nafuu kuliko betri kubwa ni programu isiyo na uroho. Kuhesabu ngamia hakuhitaji GPS isome kila sekunde 5. Dakika moja yatosha. Simu isitafute mtandao ambao haupo. Itume data zote kwa pamoja ikifika mjini. Kwa mabadiliko hayo simu zetu huchajiwa usiku mmoja na kupumzika usiku unaofuata. Wati-saa 60 kwa siku zimeokolewa bila kununua waya hata mmoja.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaoandika programu wakiwa ofisini, penye soketi kila ukuta: kila mstari unakula stima ya mtu fulani. Huku kaskazini mashariki, stima hiyo ilitoka kwenye gari ambalo kesho asubuhi lazima liwake.

Haya, safari njema. Multimita usiisahau.