Damu ya Wazee wa Iramba

Mwezi Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kubaini ugonjwa wa Alzheimer. Kipimo hicho hulinganisha viwango vya protini mbili, tau na beta-amiloidi, ambazo hujikusanya katika ubongo kwa miaka mingi kabla mgonjwa hajaanza kupotea njia ya kisimani. Mwaka 1906 Alois Alzheimer aliweza kuueleza mkusanyiko huo baada tu ya mgonjwa wake kufariki na ubongo wake kuwekwa chini ya darubini.

Habari hii inanigusa kwa sababu katika vijiji vyetu vya Singida ugonjwa huo umekwisha kupewa maelezo. Bibi kizee akitangatanga usiku, akimwita mjukuu kwa jina la marehemu, na macho yake yakiwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini, hakuna anayesema anaumwa. Mama yangu mkubwa alisemwa hivyo. Hakupigwa, namshukuru Mungu; lakini watoto wa jirani walikatazwa kupita uani kwake, na miaka yake minne ya mwisho hakuna aliyekwenda kumwomba hata chumvi. Hospitalini, katika daftari lake, liliandikwa neno moja: uzee.

Uzee si ugonjwa. Watafiti wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 waliwafikia wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, wakakuta takriban 6 katika kila 100 wana dimensia. Wengine wote hawakuwa nayo. Kazi za Hai zilizaa pia kipimo kisichodai kusoma wala kuandika: mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Nakipenda kipimo hiki. Muuguzi wa zahanati yoyote anaweza kukifanya chini ya mti.

Hata hivyo, njiti huonyesha kwamba akili imepungua, hazionyeshi sababu. Pengine ni Alzheimer, pengine viharusi vidogo vidogo, pengine upungufu wa vitamini B12, ambao unatibika. Hapo ndipo protini zinapohitajika. Lakini viwango vinavyoitwa vya kawaida vimepatikana zaidi katika damu ya watu wa Ulaya na Marekani, na ugonjwa wa figo, kwa mfano, waweza kupandisha tau katika damu ya mtu asiye na Alzheimer. Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake wameshaanza kuzipima protini hizi kwa wazee wa Kongo. Sisi je?

Nitaambiwa kwamba ukimtoa damu mzee wa kijijini, uvumi wa mumiani hauko mbali. Ni kweli, na mtafiti atakayetangulia na sindano kabla ya kuketi na wenyeviti wa vitongoji atastahili kufukuzwa. Ila wanafunzi wangu hutafuta mada za tasnifu kila mwaka, na Iramba si mbali. Mama yangu mzazi, mwenye miaka 78, amekubali kutoa damu. Ameuliza jambo moja tu: majibu ataletewa yeye, au yatabaki huko chuoni?