Kompyuta Iliyoibwa na Majina ya Watoto

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha tumezoea kuwauliza wanachuo kama andalio la somo liko tayari na kama zana zimetengenezwa. Kumbukumbu za watoto zinalala wapi, hilo hatukuwa tukiliuliza. Aliyetufundisha kuliuliza ni mwizi.

Tulikuwa tukirejea Shinyanga kutoka Geita, ambako wanachuo wetu walikuwa wakifundisha katika shule zilizo karibu na machimbo. Katika kituo cha mabasi cha Kahama tuliteremka kununua maji, mkoba tukauacha kitini. Tuliporudi, haukuwapo. Polisi waliandika maelezo yetu; kompyuta mpakato haikuonekana tena hadi leo.

Kwa siku mbili tuliililia mashine, maana bei yake si ndogo kwa mshahara wa mkufunzi. Siku ya tatu ndipo tulipokumbuka yaliyokuwamo. Alama za wanachuo hazikutusumbua, kwani tulikuwa nazo katika karatasi. Lakini yalikuwamo pia maandishi juu ya watoto wa darasa la sita, ambao mahudhurio yao hupungua kila izukapo rashi ya dhahabu: nani hushinda mwaloni akiosha mchanga, nani baba yake amehamia duara jingine na kuiacha nyumba bila chakula, na binti mmoja aliyemweleza mwalimu wake jambo ambalo hata mama yake hakulijua. Yote hayo kwa majina kamili.

Tulijifariji kwamba kompyuta ilikuwa na nywila. Fundi mmoja wa mjini alitusikiliza, akachukua mashine kuukuu yenye nywila, akatoa diski yake kwa bisibisi na kuiunganisha na kompyuta nyingine. Mafaili yakajipanga mbele yetu, wala hakuna aliyeulizwa nywila. Kumbe nywila hulinda mlango tu. Kasha lililo ndani hubaki wazi.

Kinachofunga kasha ni usimbaji, yaani kuyageuza maandishi yote ya diski kuwa fumbo lisilosomeka pasipo ufunguo. Watu wa machimbo wataelewa upesi: mwizi aweza kubeba kiroba cha mawe, lakini bila karasha hapati dhahabu. (Mfano huu una kasoro, kwa kuwa karasha hukodishwa; ufunguo wa usimbaji haukodishwi popote.) Baadhi ya matoleo ya Windows yana BitLocker kwa kazi hiyo, na VeraCrypt hupatikana bila malipo. BitLocker hutoa ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Huo uandikwe na kufungiwa nyumbani, usisafiri katika mkoba mmoja na kompyuta. Nao ukipotea pamoja na nywila, mwenye mali atakuwa sawa na mwizi. Tena, ukiwa safarini zima mashine kabisa, kwa kuwa iliyolazwa tu bado inaushika ufunguo katika kumbukumbu yake. Nakala iwekwe mahali pengine, nayo isimbwe. Hata vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022 visikae bila namba ya siri.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Twakiri kwamba tuliisoma baada ya kuibiwa.

Juma lililofuata tulirudi Geita kumweleza mwalimu mkuu wa shule ile, mama wa makamo. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, majina yao mliyaandika?"

Tukajibu kwamba tuliyaandika.

Alinyamaza kitambo, kisha akafungua mtoto wa meza na kutuonyesha daftari lake la ushauri. Kila mtoto alikuwa namba tu. Orodha ya majina, alisema, iko katika kabati jingine, na ufunguo wake anao yeye. Desturi hiyo aliianza kabla shule yake haijaona kompyuta. Hakutulaumu, na hilo lilituelemea zaidi. Akamtuma mtoto amwite mwalimu wa darasa; tukairudia habari yote mbele yake, halafu tukakaa watatu kupanga ni nani atakayemweleza yule binti.