Matundu Mawili

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi nilimtoa kinda wa kasuku kwenye tundu moja nikamtia kwenye tundu jingine. Tundu la kwanza lilikuwa shimo la kigogota katika mnazi uliokufa, nyuma ya nyumba ya bibi yangu, upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji. La pili nilisuka mwenyewe kwa vijiti vya mkandaa na ukindu, nikalitundika barazani. Lugha yetu imeyapa yote mawili jina moja. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba kwa ndege hayana undugu hata kidogo.

Watu wa Kibiti na Rufiji wanamjua kasuku ninayemsema. Mwili wa kijani, kichwa cha kahawia, jicho la manjano, na akipaa utaiona manjano nyingine iliyojificha chini ya mbawa. Makazi yake ni mwambao huu wetu, kuanzia Kenya kushuka hadi Msumbiji. Hula kuyu, mbegu za ubuyu na maua ya mnazi, na mahindi mabichi pia asipokuwepo wa kumwamia. Hutaga mayai mawili hadi manne ndani ya uwazi wa mti, na mara nyingi hukaa katika nyumba iliyochimbwa na ndege mwingine.

Nilimlea yule kinda kwa uji wa mtama. Alipoota manyoya alinijua kwa sauti. Hakujifunza neno hata moja, maana kasuku wa aina ile si msemaji, lakini alijifunza mluzi niliokuwa nikipiga ninaporudi kutoka kisimani. Nikiupiga mbali, naye huujibu kutoka barazani. Bibi akawa anaambiwa na ndege kwamba mjukuu wake yuko njiani.

Kisha mpunga ukaanza kukomaa. Anayeijua delta anajua maana yake. Nyumba nzima huhamia shambani, watu hulala juu ya madungu, na tangu alfajiri hadi magharibi kazi ni moja: kuamia ndege. Kasuku wangu nilimwacha kwa jirani pamoja na kopo la mtama na kikombe cha maji. Tuliporudi baada ya wiki tatu nilipiga mluzi kutoka mbali, sikujibiwa. Nikamkuta kifua kiko wazi, ngozi tupu. Manyoya yake aliyang'oa mwenyewe, moja moja. Kopo la mtama lilikuwa halijafika nusu. Mwezi haukwisha akafa. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Ulimwachia mtama, hukumwachia mtu."

Mwaka jana binti wa dada yangu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia marahaba, akaniambia jambo lake: anataka kufuga kasuku, wa kwanza maishani mwake, na amempenda yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayeongea kama mtu. Alikuwa amepata wa kumuuzia. Mpwa wangu ni muuguzi, anaishi nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na majirani, na zamu zake nyingine ni za usiku. Sikumkatalia. Nilimwomba anipe wiki moja, na wiki hiyo nikaitumia kukumbuka kila nilichojifunza tangu siku ya mnazi ule.

Wazee husema mchagua nazi huangukia koroma. Ni onyo kwa mtu wa kuchaguachagua, na kwa nazi ni kweli, kwa sababu ukiangukia koroma hasara yako ni kitoweo cha siku moja. Kasuku wa kijivu anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Mpwa wangu ana miaka 29. Nilimwuliza: ukifika miaka 80, nani atamrithi ndege huyu? Mtu anayemchukua kasuku mkubwa akiwa kijana anachukua mwenza wa maisha, na mwenza wa maisha huchaguliwa kwa macho makavu. Wale kasuku wadogo wa asili ya Australia huishi kati ya miaka 5 na 10, wale wenye kishungi hufika 15 hadi 20. Swali la kwanza, basi, ni la miaka: yako na yake. Rangi ije baadaye.

Swali la pili ni la saa. Tumezoea kusema mwanafunzi anakariri kama kasuku, tukiwa na maana kwamba anatamka asichokielewa. Tunamwonea ndege. Huko Marekani mwanasayansi Irene Pepperberg alimfundisha kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex kwa miaka 30. Alex alijua maneno zaidi ya 100, alitaja rangi na maumbo ya vitu, na alihesabu hadi sita. Alikufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31. Akili ya namna hiyo ikifungiwa chumbani kutwa nzima bila mtu wala kazi hujigeukia yenyewe. Ndipo ndege hupiga kelele bila kukoma, au hufanya kile alichofanya kasuku wangu barazani. Ndege huyo anahitaji saa kadhaa kila siku nje ya tundu, akiwa na watu, na anahitaji usiku mrefu. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tunapewa giza la karibu saa 12 kila usiku, na kasuku ameumbwa kwa giza hilo. Nyumba ambayo televisheni haizimwi hadi saa sita usiku inamnyima usingizi kiumbe asiyeweza kujiinukia kwenda kulala chumba kingine.

Swali la tatu ni la jikoni, na hili watu wengi hawalijui hadi wafiwe. Mapafu ya ndege ni mepesi mno kudhurika. Kikaango kile ambacho chakula hakigandi, kikipata moto kupita kiasi, hutoa hewa inayoweza kumuua ndege kwa dakika chache. Moshi wa jiko la mkaa katika chumba kisichopitisha hewa nao ni adui. Parachichi, tunda tunalomlisha mtoto mchanga kwa furaha, kwa kasuku ni sumu. Chumvi, kahawa na chokoleti humdhuru vilevile. Kwa upande mwingine, pilipili inayotutoa sisi machozi yeye huitafuna bila kuhisi ukali. Mchicha, karoti, boga na mahindi mabichi vinamfaa, kwa sababu mbegu peke yake humnenepesha na kumuumiza ini. Na kama nyumbani kuna mwenye pumu, fahamu kwamba kasuku wa kijivu na yule wa kishungi hutoa vumbi jeupe la manyoya kila siku.

Swali la nne ndilo lililokuwa zito kwangu: ametoka wapi? Ametoka tundu lipi? Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu walionaswa porini, kwa sababu misitu ya Afrika ilikuwa inabaki kimya. Mwaka huohuo Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Kaskazini mwa Tanzania, kuanzia Serengeti hadi kusini mwa Ziwa Victoria, yuko kasuku mdogo mwenye uso wa rangi ya chungwa ambaye katika miaka ya 1980 alinaswa kwa wingi hadi akawa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa zaidi duniani. Wageni walimwona kifungoni, sisi wenyewe tukapungukiwa naye porini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayenasa au kuweka mnyamapori, na ndege wa porini yumo. Muuzaji wa mpwa wangu alipoulizwa karatasi za yule wa kijivu, alisema karatasi zitafuata. Nikamwambia: mwanangu, karatasi zinazofuata ndege hazifiki.

Katika wiki ile ya kufikiri, jambo lililonitoa usingizi halikuwa la kasuku. Lilikuwa la mama yangu.

Baba alipofariki nilimtoa mama delta nikamleta Kibiti mjini. Nilijiona mwana mwema. Nilimjengea chumba chenye feni, nikamnunulia godoro zuri, nikahakikisha chakula hakikosekani. Asubuhi nilikwenda kazini, mke wangu dukani, watoto shuleni. Jioni tulirudi tumechoka, tukamsalimia, tukawasha televisheni. Mama aliyekuwa akijua kwa kutazama mwezi kama leo ni bamvua au maji mafu, aliyejua mkomafi na mchu kwa harufu ya kuni zake, alikaa kitandani akitazama ukuta. Mwaka wa pili akaanza kunyamaza. Nilimpeleka hospitali, vipimo havikuonyesha kitu. Siku moja nikamkuta anakwanyuakwanyua nyuzi za kanga yake, moja baada ya nyingine, pindo lote limekwisha. Nikasimama mlangoni na mwili ukanisisimka. Kile kifua kitupu cha kasuku nilikiona tena. Nilikuwa nimemwachia mtama.

Sikumuuliza anataka nini siku nilipomhamisha. Nilichagua kwa niaba yake, na nilichagua kile kilichonipa mimi utulivu. Tangu siku ile ya kanga, msimu wa mpunga ukifika mimi na mama tunakwenda Nyamisati, tunapanda boti, na anakaa na dada zake hadi mavuno yaishe. Akirudi Kibiti, saa ya magharibi ni yake. Simu yangu inalala ndani, tunakaa barazani, ananieleza habari za watu ambao wengine walikufa kabla sijazaliwa. Ameanza kuimba tena anapochambua mchele.

Ndiyo maana nilipompigia mpwa wangu baada ya wiki sikumwambia afuge au asifuge. Nilimwambia achukue daftari, aandike siku saba za maisha yake jinsi zilivyo: saa anayotoka, saa anayorudi, anayebaki nyumbani, usiku wa zamu, safari za msiba na harusi. Kisha atafute ndani ya siku hizo mahali ambapo ndege angekaa. Aliandika. Akaona mwenyewe kwamba kasuku wa kijivu hana pa kukaa, kwamba angekuwa peke yake saa 12 mfululizo siku nne kwa juma. Alilia kidogo kwenye simu. Kuacha kitu unachokipenda kwa sababu unakipenda si jambo jepesi.

Miezi mitatu baadaye alichukua wawili wa wale wadogo wa Australia, waliozaliwa nyumbani kwa mfugaji aliyemwonyesha hata wazazi wao. Ni wawili kwa makusudi, ili zamu ya usiku isimwache yeyote mpweke. Alijua tangu mwanzo kwamba ndege wawili hupendana wao zaidi kuliko wanavyompenda mwenye nyumba, na amekubali hivyo. Amewawekea tundu pana kuliko refu, maana ndege huruka kwenda mbele, haruki kwenda juu kama moshi. Majirani hawalalamiki. Akitoka zamu asubuhi huwafungulia mlango wa tundu na madirisha yamefungwa, wanazunguka chumba, naye anakunywa chai. Kwa maisha yake, alichagua vizuri.

Mimi sikufuga tena. Maisha yangu yamegawanyika kati ya mjini na delta, na mtu wa namna hiyo hana haki ya kumfungia kiumbe anayehitaji sauti ileile kila siku. Lakini minazi ya kwetu mingi imekufa kwa ule ugonjwa wa kunyong'onyea, na vijana waliponiambia tuangushe vigogo vilivyobaki tupate kuni, niliwaomba wauache mmoja, ule wenye shimo. Wakauacha. Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mikoko, wale wa kijani hutoka humo wawili wawili wakipiga kelele kuelekea mashambani. Mama huwasikia kabla yangu.

Nawe msomaji, ukitaka kasuku wako wa kwanza, usianze sokoni. Anza na daftari. Andika siku zako saba kwa ukweli, na usijiandikie muda usiokuwa nao. Uliza alizaliwa wapi, na kama jibu ni porini, mwache aliyekuwa anamuuza abaki naye mbele ya sheria. Kama katika siku zako kuna saa za ndege, chagua anayelingana na saa hizo, umfuge kwa furaha. Kama hazipo, subiri mpaka ziwepo. Ukimaliza kuandika, kabla hujafunga daftari, tazama kama kuna mtu ndani ya nyumba yako anayesubiri saa hizohizo.