Tangi la choo, kutoka Annapolis hadi Göcek

Ukitaka kujua sheria za bahari ya wenyeji, fungua kabati la choo cha boti ya tanga uangalie vali. Annapolis, kwenye Ghuba ya Chesapeake, vali ya kumwagia baharini hufungwa kwa kufuli au kwa kamba ya plastiki, kwani ndani ya maili 3 za baharini kumwaga choo kisichosafishwa ni kosa. Tangi lenyewe mara nyingi liko chini ya kitanda cha omo, linasubiri kunyonywa kupitia tundu la sitahani. Wamarekani hawaoni taabu: sheria ya Clean Vessel Act ya 1992 ilileta fedha za kujengea vituo, na hapo Annapolis ipo boti ya kunyonya inayokufuata ulikotia nanga.

Uswidi wamekaza zaidi. Tangu Aprili 2015 boti za starehe haziruhusiwi kumwaga choo popote katika maji ya nchi hiyo. Kati ya visiwa vya Stockholm utakuta kituo kinaelea peke yake, hakina mhudumu. Unajifunga hapo, unabana mdomo wa mpira kwenye tundu, unabonyeza kitufe. Mashine huvuta kwa nguvu kwelikweli. Bomba la hewa la tangi likiwa limeziba, kuta hunywea kwa ndani na pengine kupasuka.

Göcek, Uturuki, ndiko nilikokaa na mafundi. Kuna Kadi ya Bluu inayorekodi kila unapotoa majitaka. Ukizunguka muda mrefu bila kutoa, huna pa kujificha. Boti yetu ilikuwa na tangi la chuma cha pua, kwa macho jipya kabisa. Fundi akapitisha kidole kwenye mshono wa kulehemu, kikatoka na unyevu wa kahawia. Mkojo na maji ya chumvi hula chuma kuanzia hapo, kwa matobo ambayo hata sindano haipiti. Kisha akachovya kitambaa katika maji ya moto, akakizungushia mpira wa choo, akasubiri kipoe, akaninusisha. Mpira haukuvuja hata tone, lakini kitambaa kilinuka. Harufu ilikuwa imeshapenya. Wangapi hubadilisha tangi, wakauacha mpira wa zamani, halafu wakalilaumu tangi jipya!

Tulichagua la plastiki nene, ukuta wake karibu milimita 10, lililomiminwa bila mshono. Mfuko laini ni rahisi kuupenyeza popote, ila boti ikiyumba husuguana na mbao hadi utoboke; mimi nisingeuweka hata kwa bure. Kabla ya kununua, fundi alitengeneza boksi la kadibodi lenye vipimo vyote, akalipitisha mlangoni na kulizungusha kwenye kona ya choo. Lilikwama, tukachukua la saizi ndogo. Hesabu yake ni hii: watu 4, kila mmoja mara 5 kwa siku, lita 2 kila mara, tayari ni lita 40. Tangi la lita 80 ni siku mbili, na likijaa ni zaidi ya kilo 80 upande mmoja wa boti. Bomba la hewa tulilipanua hadi milimita 25, kwa kuwa uchafu unaokosa hewa ndio unaotoa ile harufu ya yai viza.

Kwa boti itakayoshuka hadi Kilifi au Zanzibar, nisingechukua mpango wa Annapolis. Majahazi ya zamani yalitumia kisanduku kilichoning'inia tezi. Katika bahari kuu hakikumdhuru mtu, lakini kwenye hori watoto wanaogelea. Ningeweka tangi juu ya usawa wa maji, lenye koki ya kumwagia kwa chini na tundu la sitahani pia. Koki hubaki imefungwa hadi mwamba na wavuvi wabaki nyuma kabisa. Ikishafunguliwa, tangi hujimwaga lenyewe bila pampu, na ndoo mbili za maji ya bahari hulisuuza.