Kabla hujamnyang'anya simu, muulize kuhusu mabeki

Mama alinipigia kutoka Mikumi Jumapili jioni kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. "Wewe si ndiye unayeandika mambo ya afya gazetini? Haya, niambie, huu wa mdogo wako ni ugonjwa gani?"

Mdogo wangu ana miaka 16 na yuko kidato cha tatu. Hanywi, havuti, na giza likiingia yuko nyumbani. Kosa lake, kwa maelezo ya mama, ni mabeki. Usiku kucha anashika simu kulinganisha mabeki wa mpira: nani kacheza mechi ngapi, nani timu yake haikufungwa, nani kapewa kadi. Akiitwa kula anasema, "Nakuja," na haji. Mama anauzia chakula madereva wa malori kando ya barabara kuu, na mmoja wao alikuwa tayari kuinunua ile simu. Alikuwa anasubiri neno langu tu.

Nilimwomba aniachie hadi wikendi, nikapanda basi. Naandika haya kwa sababu tangu nirudi nimezungumza na wazazi kadhaa, na karibu kila mmoja ana mtoto wa namna hii nyumbani.

Fantasi ni kitu gani?

Kwa mzazi ambaye hajaisikia, fantasi ni ligi ya kuigiza inayochezwa mtandaoni. Kila mshiriki anapewa pauni milioni 100 za kufikirika, anasajili wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya England: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Wachezaji wale wakishuka uwanjani katika mechi zao za kweli, wanachokifanya kinageuzwa kuwa pointi. Kujiunga ni bure.

Beki akicheza dakika 60 au zaidi anapata pointi 2. Kama ndani ya muda wake uwanjani timu haikuruhusu bao, anaongezewa 4. Akifunga anapata 6, akitoa pasi ya bao 3. Kwa kila mabao mawili ambayo timu inafungwa akiwa uwanjani anakatwa 1. Kadi ya njano inamkata 1, nyekundu 3, na akijifunga anakatwa 2.

Zitazame kanuni hizo vizuri utaona mahali zinapomwonea mtu. Beki anaweza kuondoa hatari mara 15, halafu dakika ya 88 mwenzake akapoteza mpira, bao likaingia, naye akarudi nyumbani na pointi 2. Beki mwingine ambaye hakufikiwa na mpira mchana kutwa, kwa kuwa timu yake ilikuwa inashambulia tu, anaondoka na 6. Malalamiko hayo yalidumu miaka. Kuanzia msimu wa 2025/26 kanuni ikaongezwa: beki akifikisha vitendo 10 katika mechi moja, vya kuondosha mpira, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya, anapata pointi 2 za ziada. Mdogo wangu alinieleza hilo kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi mahakamani.

Daftari la vijana watano

Nilichokuta kwenye mfuko wake wa shule kilinivutia kuliko simu. Fantasi ya England haimhesabu beki anayecheza ligi ya hapa kwetu, kwa hiyo yeye na wenzake wanne wameunda ligi yao ndani ya kauntabuku. Wanaangalia mechi kibanda umiza, mmoja anahesabu, mwingine anaandika. Wana Shomari Kapombe, Mohamed Hussein "Tshabalala", Bakari Mwamnyeto na Dickson Job. Kapombe na Job wanawapenda zaidi kwa sababu walipita mkoani kwetu, mmoja Polisi Morogoro, mwingine Mtibwa Sugar.

Ubishi wao mkubwa ni wa CHAN, ile ya Agosti 2025 tuliyoiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Stars waliwafunga Burkina Faso 2-0, na bao la pili lilikuwa la Tshabalala. Mechi iliyofuata tuliwafunga Mauritania 1-0, bao la Kapombe dakika ya 89. Wenzake wanataka mabeki hao wawili waongezewe pointi za mabao. Mdogo wangu anapinga.

"Dada, bao kila mtu kaliona," aliniambia. "Lakini mechi zote mbili hatukufungwa hata moja. Hilo nani kalihesabu?"

Nilimuuliza anampimaje beki basi. Akachukua kalamu. Tuseme beki mmoja kacheza mechi 30, na 12 kati ya hizo timu yake haikufungwa. Mwingine kacheza 15, na 8 hazikuwa na bao. Mwenye haraka atamchagua wa kwanza, maana 12 ni nyingi kuliko 8. Ukigawanya, wa kwanza ana asilimia 40 na wa pili 53. "Hapo bado hujamaliza," akasema. Mechi 15 ni chache, huenda ni bahati. Uulize kipa alikuwa nani, viungo waliokuwa mbele yake ni akina nani, na mechi ngapi zilikuwa za ugenini.

Akanipa mfano wa Virgil van Dijk. Msimu wa 2018/19 alicheza mechi zote 38 za ligi, Liverpool ikaruhusu mabao 22 tu, na wachezaji wenzake wa England wakamchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka. Oktoba 2020 akaumia goti dhidi ya Everton, msimu wake ukaishia hapo. Mwanzoni mwa 2021 Liverpool ikapoteza mechi sita mfululizo za ligi kwenye uwanja wake wa nyumbani. Ukiishia hapo utasema yeye ndiye aliyekuwa ukuta wote. Lakini Joe Gomez na Joël Matip, mabeki wenzake wa kati, nao waliumia msimu uleule. Namba ya beki huwa ina watu wengine ndani yake.

Kazi yangu ni kusoma takwimu za afya, na somo hilo nimeona watu wazima wakishindwa kulielewa. Hospitali kubwa ya rufaa inaweza kuwa na vifo vingi kuliko zahanati ya kijijini, na mtu akasema basi zahanati inatibu vizuri zaidi. Hajauliza wagonjwa mahututi wanapelekwa wapi. Na kazi ya kinga ni kama ya beki. Kitabu cha hospitali kinaandika mtoto aliyeugua surua. Hakina safu ya mtoto ambaye hakuugua kwa sababu mama yake alimpeleka kuchanjwa. Sisi wa Mikumi tunaliona jambo hilo barabarani. Ndani ya hifadhi kuna bango la faini kwa kila mnyama anayegongwa. Wanaovuka salama kwa sababu dereva alipunguza mwendo kwenye matuta hawana bango.

"Kaka anachezea timu gani?"

Mama hakushawishika. Jioni akiwa anachambua mchele alimrushia lile neno ambalo kila mtoto wa Kitanzania amelisikia. "Mwenzako, mtoto wa mama yako mkubwa, kapata division one. Wewe umepata nini? Mabeki."

Mdogo wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu, "Mama, kaka anachezea timu gani?"

Binamu yetu yuko shule ya bweni yenye maabara, umeme wa uhakika na mwalimu wa kila somo. Mdogo wangu anakwenda shule kwa miguu, na tangu mwaka uanze darasa lao halijapata mwalimu wa fizikia. Hakuwa anajitetea kwa uvivu. Alikuwa anatumia hesabu ileile ya kauntabuku: usilinganishe pointi kabla hujaangalia timu.

Mama aliweka ungo chini. Nilidhani atafoka. Akasema, "Sawa. Na dakika zako za kusoma ni ngapi?"

Hapo kijana alikosa jibu. Ana rekodi ya dakika za mabeki wote wa Simba na Yanga, zake hana.

Nadhani wote wawili walikuwa na haki. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, liliacha kutangaza shule 10 bora na wanafunzi 10 bora kama ilivyozoeleka. Majumbani bado tunaitangaza orodha hiyo kila siku, kwa kutumia watoto wa ndugu na majirani. Ilhali tulipokuwa tunawapeleka kliniki wakiwa wachanga tulijua kupima vizuri zaidi. Muuguzi alipoweka nukta kwenye kadi hakuuliza mtoto wa jirani ana kilo ngapi. Aliangalia uzito kwa umri wa mtoto, na mstari wake mwenyewe: unapanda, umelala au unashuka.

Je, ni ugonjwa?

Sasa nijibu swali la mama. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa michezo ya kidijitali kama tatizo la kiafya katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini vigezo vyake ni vizito. Mtu awe ameshindwa kujizuia, mchezo uwe umetangulia mambo mengine yote ya maisha, na aendelee hata unapomdhuru waziwazi. Hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu takriban miezi 12, na iwe imeharibu masomo, kazi au mahusiano yake. Kijana anayekwenda shule, anayecheza chandimu jioni na mwenye marafiki wanne wa kubishana nao hajafika huko. Kumwita mgonjwa ni kumwonea.

Hata hivyo, mawili yalinitia wasiwasi.

La kwanza ni usingizi. Wataalamu wanapendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku. Mdogo wangu alikuwa analala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hizo ni saa nne na nusu, nusu ya anachohitaji. Mtoto wa hivyo darasani anasinzia, anasahau, na nyumbani anakasirika haraka. Wazazi, mkumbuke jambo moja: kwenye fantasi, muda wa kupanga kikosi hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki husika, na kwa saa zetu hiyo huwa ni mchana, jioni au mapema usiku. Hakuna kitu cha fantasi kinachomdai mtoto kuwa macho saa saba usiku.

La pili ni kubeti. Kauntabuku lile lina takwimu zilezile ambazo mwenye mkeka anazitafuta. Mmoja wa vijana watano alikuwa ameanza kuombwa na wakubwa wa kijiweni awachagulie mechi, kwa ujira wa soda na vocha. Sheria yetu hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini simu ya kaka mkubwa haina mlinzi mlangoni. Nilimuuliza mdogo wangu nikimtazama usoni kama ameweka hela. Akasema hapana. Mama aliomba kuona ujumbe wa miamala, akauonyesha bila kusita. Tulimwomba azungumze na yule mwenzake, na mama akaenda mwenyewe kumwona mama wa kijana huyo.

Tulichokubaliana

Simu haikuuzwa. Kuanzia saa nne usiku inalala chumbani kwa mama, kwenye chaji, siku zote za shule. Mechi ya usiku wa manane ataisoma asubuhi. Kauntabuku limeongezewa ukurasa wenye jina lake: dakika za kusoma, somo kwa somo, na kila wiki inalinganishwa na wiki yake iliyopita. Fizikia anasoma na kijana wa kidato cha sita aliyerudi likizo. Mama kwa upande wake alikubali kutomtaja binamu tena. Alikubali kwa shingo upande, na wiki ya pili alilitaja mara moja. Akakumbushwa, akacheka.

Sijui matokeo ya muhula yatakuwaje, na sitaki kuahidi mzazi yeyote kwamba takwimu za mpira zitamfaulisha mtoto wake hesabu. Najua tu kwamba kama simu ingeuzwa ile Jumapili, mama asingejua kwamba darasa halina mwalimu wa fizikia, wala asingejua habari za yule mwenzao na mikeka. Vyote viwili vilijulikana kwa sababu mtu aliuliza kuhusu mabeki.

Basi wikendi hii jaribu. Kaa naye, muulize beki wake bora ni nani na kwa nini. Kama hujui mpira ni vizuri zaidi, atalazimika kukueleza taratibu. Sikiliza anavyotoa sababu. Akikutajia dakika, wenzake na wapinzani, una mtoto anayefikiri. Mpangie muda wa kulala na umwache aendelee. Akianza kukutajia mkeka na hela iliyokaribia kuingia, usipige kelele. Vuta kiti karibu zaidi, maana mazungumzo ndiyo kwanza yameanza.