Moteri ya Zamani Bado Ina Maisha

Umeme ukikatika hapa Katuba, moteri ya zamani ya jirani yetu ndiyo inachaji telefoni za mtaa, pamoja na za jamaa waliokimbia vita, wanaongoja habari za waliobaki nyuma. Juma lililopita ilikataa kuwaka. Muuzaji wa mapiese akaniambia, "Baba, za hii hazipo tena."

Fundi mzee wa Kenya alikataa neno hilo. Supape za moteri hii ziko ubavuni mwa silinda, kwa hiyo kifuniko cha juu ni chuma bapa tu. Alikifungua, akakwangua masizi, akasaga supape mpaka zikaziba. Jointi aliikata kwa bati la shaba, akalichoma kwanza lilainike. Shaba Lubumbashi haikosekani.

Kabla ya kuuza moteri yako kama chuma chakavu, izungushe kwa mkono. Ikikuzuia, bado inapumua.